Daftari la madeni na laptopu iliyokuwa ikiganda

Siku ya Nane Nane mwaka 2025 nilifunga steshenari yangu mchana. Morogoro ilikuwa imehamia viwanja vya maonyesho, mtaani kwetu hapakuwa na mteja, na nilikuwa na kazi niliyoiahirisha tangu mwezi wa tano: kuitoa laptopu ya dukani kwenye Windows 10 na kuipeleka Windows 11. Nilishasoma kwamba tarehe 14 Oktoba Windows 10 ingefika mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya usalama, na mashine inayoingizwa fleshi za watu kutwa nzima haifai kuachwa bila kinga. Oktoba yenyewe sikuitaka. Huo ndio wakati wanafunzi wa uzamili wanajipanga mlangoni na risachi zao, kila mmoja anataka kubaindiwa leo ili awahi mahafali.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 8, na kwa mashine nyingi za Intel hapo ndipo Windows 11 inapoanzia. Chini ya hapo unakataliwa. Ina SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu inayozunguka, ya aina inayounganishwa kwa SATA, niliyoiweka mwaka 2023 baada ya diski ya zamani kuchoka. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine inaifanyia kazi, ilikuwa gigabaiti 4. Windows 11 inakikubali kiasi hicho kama kima cha chini, lakini mtu anayefungua Word, kivinjari na PDF ya kurasa 200 kwa wakati mmoja hawezi kufanya nacho kazi. Kwa hiyo mwezi wa saba, nilipokwenda Dar es Salaam kwenye Saba Saba, nilipita Kariakoo nikanunua kipande kingine cha gigabaiti 4, nacho cha mtumba, nikakipachika jioni niliyorudi. Safari hiyo nitairudia. Niliisahau kabisa, na kuisahau kulinigharimu mwezi mzima.

Windows mpya iliingia salama. Ilikula bando, ikazima na kujiwasha mara kadhaa, na kufikia usiku mafaili yote yalikuwepo na printa ilikuwa inaitika. Nililala nimeridhika.

Jumatatu tarehe 11, saa tano na dakika ishirini asubuhi, iliganda.

Dakika naikumbuka kwa sababu saa ya kwenye kioo ilisimama hapo. Nilikuwa naingiza masahihisho ya supavaiza kwenye kazi ya kijana mmoja, kurasa 43 zilizojaa wino mwekundu, na nilikuwa ndiyo kwanza nimebonyeza kuhifadhi. Mshale ukasimama katikati ya neno. Kibodi haikuitika. Feni ilizunguka kama kawaida, kioo kiling'aa, ila hakuna kilichosogea. Nilisubiri dakika kumi, kisha nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazima.

Ilipowaka, faili la yule kijana halikufunguka. Nilikuwa nimelifungua moja kwa moja kutoka kwenye fleshi yake, kama nilivyozoea kufanya kwa wateja miaka yote, na mashine ikaganda kazi ikiwa inaandikwa humo. Nakala pekee aliyokuwa nayo kwenye barua pepe ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Alikaa kwenye benchi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anti, haiwezi kurudi hata nusu?" Nilimwomba radhi, nikamwomba aniachie kila karatasi aliyokuwa nayo, nikakesha siku mbili nikiichapa upya bila malipo. Tangu hapo hakuna faili linalofanyiwa kazi ndani ya fleshi dukani kwangu. Linanakiliwa kwanza kwenye mashine, linamalizwa huko, ndipo linarudishwa. Word kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Yangu niliipunguza ikawa kila dakika 2. Hayo hayakutibu chochote, lakini yaliniwezesha kutafuta ugonjwa bila kumuumiza mtu mwingine, na kama ningekuwa na nafasi ya kurudi nyuma ningeanza nayo kabla hata ya kugusa Windows.

Wiki ile iliganda mara sita. Kila aliyepita dukani alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja: Windows 11. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Ilikuwa nzima, nimebadilisha Windows, imeanza kuganda. Kuna haja gani ya kuuliza zaidi? Fundi wa jirani, mtu mwema aliyeniokoa mara nyingi, aliitazama akasema, "Dada, Windows haijakaa vizuri. Niachie nikupigie upya, jioni unaichukua."

Kupiga Windows upya ndiyo dawa ya kwanza mitaani kwetu, na siwalaumu mafundi. Mara nyingi inasaidia, na mteja anataka mashine yake leo. Ila inaondoka na ushahidi wote. Ikiwa kosa liko kwenye chuma, utalipa, utapoteza siku nzima kurudisha printa, fonti na mipangilio, na baada ya wiki linakukuta palepale, safari hii ukiwa huna hata kumbukumbu ya nyuma ya kulinganisha. Nilimwambia anipe siku chache.

Siku chache hizo nilizitumia vibaya. Jumamosi moja, dukani kukiwa kimya, nilifanya mambo matatu kwa mkupuo: niliweka draiva mpya ya kioo (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa), nikaondoa programu ya pili ya kuzuia virusi iliyokuja na mashine, na nikazima ule uwashaji wa haraka ambao hauzimi mashine kikamilifu bali huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho kiamke upesi. Siku mbili zikapita bila kuganda. Nikafurahi nikawaambia watu. Siku ya tatu ikaganda tena mara mbili kabla ya saa sita mchana, na sasa nilikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo, kwa maana sikuweza kusema ni lipi kati ya yale matatu lililopunguza tatizo, ama kama kuna lolote lililofanya kazi. Dawa tatu ndani ya kikombe kimoja, ukipata nafuu hujui uendelee na ipi.

Tarehe 20 nilikata shauri kurudi Windows 10. Nikafungua mipangilio, nikatafuta kitufe cha kurudi kwenye toleo la zamani, hakipo. Windows huhifadhi mfumo uliotoka kwa siku 10 tu, kisha huufuta ili kuokoa nafasi. Mimi nilikuwa siku ya 12. Yeyote anayepandisha toleo naomba aiandike tarehe hiyo ukutani siku ileile: siku kumi za kuamua. Zikipita, njia ya kurudi ni kupiga upya kila kitu.

Aliyenifungua macho ni binti wa kaka yangu, anayenisaidia dukani baada ya masomo. Jioni hiyo mashine iliganda mbele yake, nikaguna, nikaizima kwa kitufe. Akaniambia, "Shangazi, mtu akikopa kurasa tatu unamwandika. Hii mbona huiandiki?"

Kila steshenari ina daftari la madeni. Langu ni la kurasa mia mbili, lina miaka, na kila mstari una tarehe, kazi, kilicholipwa na kilichobaki. Niligeuza nyuma ya daftari hilohilo nikachora safu: tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, chaja au betri, mshale unasogea au hausogei, taa ya Caps Lock. Hiyo ya mwisho ilitokana na jambo nililolisoma usiku ule na ambalo ningependa kila mtu mwenye laptopu yenye taa hiyo alijue. Taa ya Caps Lock haiwashwi na kitufe chenyewe. Ukibonyeza, kibodi hupeleka habari kwa mfumo, na mfumo ndio huamuru taa iwake au izime. Kwa hiyo mashine ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa ikibadilika, kiini cha mfumo kiko hai na kinangoja kitu. Isipobadilika, kimekufa kabisa na kungoja hakutasaidia. Kabla ya hapo nilikuwa nangoja dakika kumi kila mara, wakati mwingine kwa maiti, na wakati mwingine nilizima kwa nguvu mashine ambayo ingeamka yenyewe.

Kufikia tarehe 30 Agosti daftari lilikuwa na mistari 14. Nilikaa nayo usiku nyumbani, kalamu mkononi, na kabla sijamaliza kuisoma mara ya pili nikaona kwamba haikuwa habari moja. Mistari tisa ilisema mshale unasogea, taa ya Caps Lock inaitika, na baada ya nusu dakika au dakika nzima kila nilichoandika kinamwagika kwenye kioo kwa pamoja. Mistari mitano ilisema mshale umekufa, taa imekufa, saa imesimama. Neno letu "imeganda" lilikuwa limeyafunika mambo mawili. Nilikuwa namwinda mwizi mmoja kwa wiki tatu, kumbe ni wawili, na kila nilipodhani nimemkamata wa kwanza, wa pili alikuwa akivunja mlango mwingine na kunifanya niamini kwamba nimekosea.

Nilianza na ule wa mistari tisa kwa sababu ulikuwa na mengi ya kusema. Safu ya "nilikuwa nafanya nini" ilikuwa inajirudia: natoka kwenye kopi, natoka kwenye kopi, mteja wa kitambulisho, nimerudi kula, natoka kwenye kopi. Hakuna hata mmoja uliotokea nikiwa katikati ya kuchapa kwa kasi. Zote zilikuja dakika ya kwanza baada ya mashine kukaa imetulia. Siku iliyofuata niliacha Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inashughulika na nini, wazi pembeni ya kioo, nikaenda kutoa kopi, nikarudi. Diski ilionyesha asilimia 100 ya shughuli, na kasi ya kusoma na kuandika ilikuwa sifuri. Ni kama kuona foleni ndefu dirishani na hakuna anayehudumiwa.

Nikafungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows. Hapa nataka nisimulie kosa nililolifanya mwanzoni, kwa sababu naona watu wengi wanalifanya. Nilipoifungua mara ya kwanza, zamani kabla ya daftari, nilikutana na tukio jekundu namba 41 la Kernel-Power, zito, la hatari, na lilikuwepo kila siku mashine ilipoganda. Nikadhani nimempata mhalifu. Nilipoteza siku tatu nikibadilisha chaja na kuhangaika na betri kwa sababu ya lile neno Power, yaani umeme. Namba 41 maana yake ni kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Na nani aliyeizima bila utaratibu? Kidole changu. Nilikuwa naisoma alama yangu mwenyewe.

Safari hii nilikuwa na saa zilizoandikwa kwa mkono, kwa hiyo sikuangalia vilivyokuwa vyekundu, niliangalia dakika. Kwenye kila mstari kati ya ile tisa, dakika ileile, palikuwa na onyo la njano, dogo, ambalo nilikuwa nimelipita mara zote: namba 129, chanzo storahci, likisema kwamba kifaa kimepigwa rizeti. Storahci ni draiva ya Windows inayozungumza na diski za SATA. Onyo hilo huandikwa pale mfumo unapoiomba diski kitu, ukangoja, ukakosa jibu, ukaamua kuizindua.

Chanzo kilikuwa usingizi. Ili kuokoa umeme, kiungo kati ya diski na bodi huruhusiwa kusinzia diski isipotumika. Ziko SSD ambazo zikishasinzia haziamki kwa wakati, na mfumo mzima unangoja nyuma yake. Nilipoifunga SSD hii mwaka 2023, fundi aliyenisaidia aliuzima usingizi huo. Nilikuwa nimemwona akifanya jambo kwenye mipangilio ya umeme bila kuelewa ni nini. Kuhamia Windows 11 kulirudisha mipangilio ya umeme kwenye hali yake ya asili. Kwa hiyo kwa huyu mwizi wa kwanza, waliosema ni kupandisha toleo walikuwa sahihi kiasi fulani. Kupandisha toleo hakukuharibu kitu, kulifuta tiba ya zamani ambayo hakuna aliyeiandika popote.

Kabla ya kugusa nilinakili kazi zote kwenye diski ya nje, nikaipima SSD kwa CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Nilitazama hasa sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri, ambazo zikipanda ni dalili ya diski inayokufa, na idadi ya makosa ya mawasiliano, ambayo ikipanda mara nyingi inaelekeza kwenye waya au soketi. Zote zilikuwa sifuri. Ndipo nikauzima usingizi. Aliye na shida hii ajue kwamba mpangilio wenyewe umefichwa: kwenye orodha ya umeme utaona unaofanana nao wa PCI Express, lakini huo hauhusu diski ya SATA. Ule wa AHCI, yaani wa njia ambayo mfumo huzungumza na diski za SATA, hauonekani mpaka uufichue kwa amri ya powercfg ukiwa msimamizi wa mashine. Niliubadilisha Jumapili tarehe 31, na huo tu, sikugusa kingine. Onyo namba 129 halikuonekana wiki yote iliyofuata.

Ile mistari mitano ya kifo kamili ilikuwa jambo jingine. Event Viewer ilikuwa kimya juu yake. Dakika moja matukio ya kawaida, kisha hakuna, kisha lile namba 41 la kidole changu. Ukimya huo niliuchukulia kama ushahidi wa aina yake: chochote kilichotokea hakikuipa Windows hata nafasi ya kuandika mstari mmoja. Nilijaribu vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ambavyo huiwasha upya draiva ya kioo. Kama kosa ni la kioo, picha huzimika kidogo na mashine hurudi. Haikurudi. Joto nililiondoa mapema. Feni ilikuwa na vumbi la mji wetu, ikasafishwa, lakini mistari miwili kati ya mitano ilikuwa ya saa mbili asubuhi, mashine ikiwa ya baridi, na prosesa iliyozidiwa na joto kwa kawaida hupunguza kasi au huzima kabisa.

Kipimo cha kumbukumbu cha Windows nilikuwa nimeshakiendesha pia, wiki ya pili, kile cha kawaida. Kikasema hakuna tatizo. Nikaiondoa ramu kwenye orodha ya washukiwa, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu niliuchukua muhuri wa kipimo kifupi kama hukumu.

Kilichoirudisha ramu mezani ni deni. Tarehe 4 Septemba alikuja mama mmoja kulipa, hakumbuki ni kiasi gani, nikafungua mbele ya daftari kumtafuta. Nikamkuta, kwa mwandiko wangu, Jumamosi tarehe 19 Julai: "Kurasa 12. Mashine imeganda. Atarudi J3. Bado 4,000."

Nilimpa risiti yake mkono ukiwa mzito. Mashine imeganda, tarehe 19 Julai. Windows 11 iliingia tarehe 8 Agosti. Siku ishirini kabla ya kubadilisha chochote kwenye Windows, mashine hii ilikuwa imeshaganda, nami nikaandika kwa mkono wangu, nikaisahau kwa sababu ilikuwa mara moja na sikuwa na sababu ya kuitilia maanani. Mteja alipoondoka nilirudi kurasa za nyuma, mmoja baada ya mwingine, Juni, Mei, mpaka Januari. Neno "imeganda" halikuwemo. Kati ya Juni na tarehe 19 Julai palikuwa na siku nne tupu zenye neno moja limeandikwa kwa mshazari: SABASABA.

Kipande cha ramu.

Kwa nini basi kilinyamaza mwezi wa saba na kupiga kelele mwezi wa nane? Kipande kibovu cha ramu si lazima kiwe kibovu chote. Panaweza kuwa na sehemu ndogo tu iliyooza, na mashine itafanya kazi vizuri mpaka siku inapohifadhi kitu muhimu papo hapo. Windows 11 inakaa kwenye kumbukumbu kubwa zaidi kuliko ile niliyotoka nayo, kwa hiyo ule ubovu uliokuwa ukiguswa mara moja kwa mwezi ulianza kuguswa kila baada ya siku mbili. Toleo jipya lilikuwa mpangaji aliyehamia kwenye chumba ambacho hakuna aliyekuwa akilala, na paa la chumba hicho lilikuwa linavuja siku zote.

Fundi wa jirani alipoelezwa alielewa mara moja. Alitoa kipande, akasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio, akapuliza soketi, akarudisha. Hiyo ni tiba halali kabisa. Mara nyingi tatizo huwa ni uchafu kwenye meno hayo. Tukapata siku mbili za amani, kisha ikaganda mteja akiwa amekaa mbele yangu. Safari hii sikuvunjika moyo. Niliandika mstari: baada ya ufutio, siku 2.

Usiku huo niliandaa fleshi ya MemTest86+, programu ya bure inayopima ramu nje ya Windows, ili Windows yenyewe isikalie sehemu ya kile kinachopimwa. Kuiwasha kutoka kwenye fleshi kulinilazimu kugusa mipangilio ya Secure Boot, kinga inayozuia mashine kuwashwa na programu isiyoidhinishwa, na hapa naomba mtu yeyote anayefuata njia hii asimame kidogo. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, kugusa mipangilio hiyo kunaweza kukuletea kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo kazi zako zote zimebaki nyuma ya mlango. Kwenye mashine nyingi za nyumbani ufungaji huo unajiwasha bila mwenyewe kujua. Niliutafuta ufunguo kwenye akaunti yangu ya Microsoft kwanza, nikaunakili kwenye karatasi, nikaiweka nyumbani, ndipo nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kioo cha bluu kilikuja kweli. Niliingiza tarakimu zangu 48 na maisha yakaendelea.

Kipimo nilikiacha usiku kucha. Kwenye mzunguko wa kwanza hakuna kitu. Nilipoamka kuswali alfajiri palikuwa na makosa, na yote yalikuwa yameangukia eneo lilelile la anwani. Ramu nzima haipaswi kuwa na kosa hata moja. Kipimo kifupi cha wiki ya pili kilipita kwenye eneo hilo mara chache mno kulifanya likosee.

Lakini vipande vilikuwa viwili na soketi mbili, na sikutaka tena kubahatisha. Usiku wa pili fundi alinitolea kipande cha Kariakoo, kikabaki cha asili peke yake: safi mpaka asubuhi. Usiku wa tatu kipande cha Kariakoo peke yake kwenye soketi ya kwanza: makosa. Usiku wa nne kipande hichohicho kwenye soketi ya pili: makosa. Usiku wa tano kile cha asili kwenye soketi hiyo ya pili: safi. Usiku tano kwa jambo ambalo mtu angeweza kulikisia usiku wa kwanza, najua. Ila kama soketi ndiyo ingekuwa mbovu, ningenunua ramu mpya nikaipachika kwenye kaburi lilelile. Muuzaji hakuwa na namna ya kujua. Vipande vya mtumba havipimwi usiku kucha kaunta, na mimi sikukipima niliponunua. Sasa hivi sipachiki ramu yoyote, mpya au ya mtumba, bila kuilaza usiku mmoja kwenye kipimo kabla haijagusa kazi ya mteja.

Jumamosi tarehe 13 Septemba niliweka kipande kipya cha gigabaiti 8 chenye dhamana, kando ya kile cha asili. Kililala kwenye kipimo usiku huo na kikaamka bila kosa. Jumatatu tulichapa, tuliprinti, tulibaindi kazi saba. Yule kijana wa kurasa 43 alikuwa miongoni mwao, akiwa na nakala tatu za jalada gumu, na safari hii fleshi yake ilikaa mezani muda wote tukiwa tunafanya kazi kwenye nakala.

Kile kipande kibovu nimekifunga kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa wa tarehe 19 Julai, kando ya lile deni la 4,000 ambalo limeshapigwa mstari. Binti yangu wa dukani huwaonyesha wanafunzi wanaokuja na malalamiko ya mashine zao, nami humwacha.

Safu za nyuma ya daftari bado ziko wazi. Baada ya tarehe 13 Septemba kuna mstari mmoja tu, wa tarehe 2 Oktoba, saa tisa alasiri: ilisimama kwa kama sekunde arobaini, mshale unasogea, Caps Lock inaitika, nikiwa nafungua PDF kubwa ya ramani. Sikukuta namba 129 kwenye dakika hiyo. Sijagusa kitu. Nimeiacha safu ya chini yake tupu, nangoja kama kutakuwa na wa pili wa kuufananisha nao.